Mguu Mzima wa Nguruwe Krisi Hii: Kabla Mchange, Ulizeni Muhuri Uko Wapi

Kila Disemba kuna ile grupu ya WhatsApp hufufuka. Imekuwa kimya tangu Pasaka, halafu msee mmoja anatupa swali: "Krisi form ni gani?" Dakika tano baadaye bunge imeanza. Kuna upande wa mbuzi, kuna upande wa kuku, na kuna yule hutuma tu emoji ya moto na hajawahi kuchanga hata soo. Mwaka huu kwa grupu yetu kumetokea upande wa tatu: tununue mguu mmoja mzima wa nguruwe, mbichi, na ngozi yake, tuuchome kwa oveni na rozimari na kitunguu saumu.

Mimi nilipigia mguu kura. Hesabu inaingiana, na nyama yenyewe ikipikwa poa ni tamu kuliko kitu yoyote utapewa kwa sahani ya Krisi. Lakini mweka hazina wetu, dem mmoja hapendi mchezo na doo za watu, akauliza swali moja likanyamazisha grupu: "Sawa, lakini huo mguu unatoka kwa nguruwe gani?"

Hakuna msee alikuwa na jibu. Hata mimi sikuwa nalo. Na ukianza kulitafuta unagundua hii stori ya mguu wa nguruwe inaguza mfuko wako, mkulima wa Kiambu, gava ya kaunti, na ugonjwa mmoja ambao Kenya iliandikwa kwa vitabu vya sayansi kwa sababu yake miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Kwa nini nguruwe, na kwa nini sasa

Tuanze na doo. Kama umeajiriwa, payslip yako inakatwa asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya SHIF kabla hata ushike kitu, na bado PAYE na NSSF ziko kwa laini. Kama hujaajiriwa, basi unajua mwenyewe. Halafu nyama nyekundu imepanda. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 kaskazini na maeneo mengine kavu ya Kenya. Ng'ombe hazaliwi leo akauzwa kesho. Anachukua miaka kufika machinjioni, kwa hivyo pengo kama hilo halizibwi na mvua ya msimu mmoja.

Sasa cheki nguruwe. Mimba yake ni siku 114: wazee wa kufuga hukumbuka kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Anazaa watoto kama nane hadi kumi na wawili kwa mpigo mmoja. Akilishwa poa, ndani ya miezi sita hivi mtoto ako tayari kuuzwa. Hahitaji ekari za nyasi, anahitaji banda. Ndiyo maana ploti ndogo za Kiambu na Murang'a zimejaa mabanda, na ndiyo maana mtaani kwako kuna pork ya dry fry kila kona, na kachumbari na ugali pembeni.

Mguu mzima ni hatua inayofuata. Mguu wa nyuma wa nguruwe wa sokoni huwa kilo tano, sita, wakati mwingine zaidi. Chukua wa kilo tano. Toa mfupa, toa maji na mafuta yenye hutoka kwa moto, unabaki na kama kilo tatu za nyama iliyoiva. Wasee kumi, kila mtu gramu 300. Hiyo ni sahani ya heshima. Na hamhitaji kutafuta mtu wa kuchinja, wala pa kumwaga damu, wala kupigana juu ya nani ataosha matumbo.

Lakini jueni mnachonunua. Ile nyama ya pinki ya sandwichi wanaita ham pia hutoka kwa mguu huu, ila hiyo imetiwa chumvi ya kuhifadhi yenye naitraiti ndani, mara nyingi na moshi pia. Naitraiti ndiyo huipatia ile rangi. Mguu mbichi haujapitia hayo yote. Ukiiva unakuwa mweupe-kijivu kama nyama nyingine ya nguruwe, na hauna kitu cha kuulinda ukae. Ni wa friji, na haufai kukaa humo siku nyingi. Msee akiwauzia mguu mbichi ameutundika kwa jua tangu asubuhi akiwaambia "hii ni kama ham, haiharibiki," hepeni.

Muhuri ni nini, na kwa nini mguu mzima unausema

Sheria ya Kenya ya kudhibiti nyama, Meat Control Act, inataka mnyama achinjwe mahali palipo na leseni, mkaguzi acheki nyama, halafu apige muhuri wa wino juu ya mzoga. Nyama ikitoka pale inafaa kusafiri na cheti, kwa sanduku la nyama, sio kwa gunia nyuma ya nduthi.

Sasa fikiria vile sisi hula pork kawaida. Unaenda base, unaagiza nusu kilo, inaletwa imekatwakatwa, imekaangwa, imepakwa pilipili. Muhuri uko wapi? Haiwezekani ujue. Ulibaki kwa kipande kingine, ama haukuwahi kuwa. Mimi niliwahi kula dry fry mahali fulani, siwataji, nikauma kipande cha tatu nikakuta katikati ni mbichi kabisa, baridi. Nikarudisha sahani. Jamaa wa jikoni akaniambia "hiyo ni juisi, buda." Nililala na wasiwasi wiki mzima.

Wasiwasi wenyewe una jina: tegu. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu anapata mabuu ya huyo mnyoo, yanakaa kwa nyama kama vipunje vyeupe vya mchele. Ukila nyama hiyo bila kuiva, mnyoo anakua kwa tumbo yako. Halafu inakuja sehemu mbaya zaidi: mayai yanatoka na choo cha mtu mwenye mnyoo, na mtu yeyote akiyameza kwa mikono michafu, maji ama mboga, mabuu yanaweza kufika hadi kwa ubongo na kuleta kifafa. Yaani unaweza kuugua hata kama hujawahi kuonja nguruwe maishani. Watafiti wamepata hii shida kwa nguruwe wa Busia na Homa Bay, pahali wengi huachwa wazurure. Nguruwe wa bandani asiyefika chooni hana hiyo njia.

Kwa hivyo hapa mguu mzima una faida ambayo nusu kilo haina. Ngozi iko. Unaweza kuuliza bucha, "Boss, muhuri uko wapi?" na akuonyeshe kwa macho yako. Kama muhuri ulipigwa kwa sehemu nyingine ya mzoga, akuonyeshe hiyo sehemu ama cheti. Mwenye bucha safi hakasiriki akiulizwa. Mwenye kukasirika amekujibu tayari.

Ugonjwa uliozaliwa vitabuni hapa kwetu

Sasa tufike kwa ile kitu kubwa. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika. Ripoti ya kwanza ya kisayansi kuihusu ilitoka 1921, iliyoandikwa na daktari wa mifugo anaitwa Montgomery, na ilihusu nguruwe wa Kenya. Wazungu walikuwa wameleta nguruwe zao wakidhani wamefika pahali pa kuomoka, kumbe huku kuna virusi vilivyokuwa vinaishi na ngiri tangu jadi. Na hapa simaanishi ngiri ya elfu moja, naongea juu ya yule mnyama wa meno marefu anayekimbia na mkia juu pale Nairobi National Park. Ngiri anabeba virusi na haugui. Kupe wa mashimoni wanavisambaza. Nguruwe wa kufugwa akivipata, mara nyingi ndani ya siku chache banda zima limeisha.

Wewe binadamu huwezi kuambukizwa, hiyo weka kwa akili. Hata ule nyama yenye virusi, havikuguzi. Kwa sababu hiyo wengi husema, "Sasa shida yangu ni gani?"

Shida ni hii. Mkulima wa Kenya hana chanjo ya kukimbilia wala dawa ya kutibu. Ugonjwa ukitangazwa kwa eneo, karantini inawekwa, hakuna nguruwe kutoka wala kuingia. Mkulima amekopa doo ya chakula, nguruwe watatu wamekufa usiku, waliobaki wanatetemeka, na mara nyingi hakuna fidia ya kungoja. Halafu simu inalia: broka ako na pickup, atachukua wote leo usiku, bei ya kutupa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usijibu haraka. Karo ya watoto iko kwa hao nguruwe.

Hivyo ndivyo nguruwe mgonjwa anaingia mjini bila muhuri. Na hivyo ndivyo ile pork "ya bei poa sana" inafika kwa bucha ya mtaa mwezi wa sherehe. Ukiona bei imeanguka ghafla Disemba, wakati kila mtu anataka nyama, usishangilie kwanza. Jiulize nani amepata hasara ili wewe upate ofa.

Halafu inarudi kwa mkulima. Cheki mzunguko. Nyama yenye virusi inakatwa Nairobi. Maji ya kuoshea, mifupa, vipande vya mafuta mabichi vinatupwa kwa ndoo ya makombo. Ndoo inachukuliwa na msee wa kukusanya chakula cha nguruwe, maana kulisha nguruwe makombo ya hoteli ni rahisi kuliko kununua chakula cha gunia. Ndoo inafika banda la Kikuyu ama Limuru. Virusi hivi ni vigumu, vinadumu kwa nyama mbichi na hata kwa friji ya kugandisha. Wiki moja baadaye kuna mzae amesimama kwa banda anahesabu mizoga. Hajui ilianzia kwa sherehe yako.

Na gava iko wapi? Hapa tusipeleke lawama kila kitu kwa Ikulu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka machinjio za kaunti na udhibiti wa magonjwa ya mifugo kwa mikono ya kaunti. Kwa hivyo ukitaka kujua kama mkaguzi anafika asubuhi kabla ya kuchinjwa, ama kama vet wa wadi ana mafuta ya pikipiki, swali ni la gavana na MCA wako. Sisi tumekuwa wakali kwa bajeti ya kitaifa tangu Juni 2024, na ni sawa. Lakini ni wangapi tumewahi kuuliza kaunti inaweka ngapi kwa ukaguzi wa nyama? Mkulima akijua atalipwa kitu akiripoti ugonjwa, ataripoti. Akijua ataambulia karantini peke yake, atapigia broka. Hiyo haihitaji PhD.

Sawa, sasa tuuchome

Mmenunua mguu, muhuri mmeuona. Usiharibu sasa.

Usiku wa kuamkia, kausha ngozi na tishu ama kitambaa safi. Kwa wembe mpya ama kisu kikali, chora mistari kwa ngozi, kina cha kufika kwa mafuta lakini usifike kwa nyama. Paka chumvi hadi ndani ya mistari. Weka kwa friji bila kufunika, chini kabisa isidondokee chakula kingine. Ngozi ikikauka ndiyo italia "kra" kesho.

Viungo: vichwa viwili vya kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, maganda ya ndimu, mafuta kidogo na rozimari. Usikubali kuuziwa kijani kidogo cha rozimari bei ya kuku. Nairobi hii rozimari ni ua, imepandwa mbele ya maofisi na maploti kibao. Omba soja matawi mawili, kwa adabu, na hakikisha si ile ilipuliziwa dawa jana. Twanga vyote, toboa mashimo upande wa nyama, sindilia humo ndani. Ngozi iachie chumvi peke yake, maana saumu ikikaa juu inaungua na kuwa chungu.

Asubuhi toa mguu kwa friji, uache kama saa moja. Panga vitunguu vikubwa na karoti kwa trei, weka mguu juu, ngozi ikiangalia dari, glasi moja ya maji chini. Oveni digrii 220 kwa nusu saa, halafu shusha hadi 160. Hapo ni subira: hesabu karibu saa moja kwa kila kilo. Mguu wa kilo tano uanze mapema, kama mnataka kula saa nane mchana. Msiwe wale wa kudishi saa mbili usiku watu wameshalewa njaa.

Utajua aje umeiva? Nunueni kipima joto cha nyama, mkichanga wote haiumi. Chomeka hadi katikati, karibu na mfupa lakini usiguse mfupa. Mimi nataka nione digrii 75. Huko nje kuna wapishi wanatoa chini ya hapo, lakini wao wana ukaguzi wanaouamini, na mimi bado nakumbuka ile "juisi, buda." Kisha uache upumzike nusu saa kabla ya kukata. Hapo ndipo maji yanatulia ndani. Yule msee wa kunyofoa kipande "kuonja tu," mpeleke akanunue soda.

Hamna oveni? Wengi hatuna. Njia ya kwanza ni bekari ya mtaa: mkate ukitoka, oveni bado ina moto, na kwa doo kidogo watawaekea. Lakini uliza kwanza na useme wazi ni nguruwe. Mwenye oveni anaweza kuwa Mwislamu ama Msabato, ama ana wateja ambao ni hivyo, na kuingiza nguruwe kwa siri ndani ya foili ni ukosefu wa adabu wa hali ya juu. Akikataa, sema asante na usonge. Njia ya pili ni ile ya keki ya jiko: sufuria kubwa nzito, jiko la makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko. Hapo mwambie bucha akate mguu vipande viwili, maana kilo tano nzima haitaiva sawa. Ngozi haitalia sana lakini nyama itakuwa laini. Na fanyeni nje, makaa kwa keja iliyofungwa yanaua watu.

Kwa ploti pia, tumieni kisu chenu, ubao wenu na sufuria yenu. Jirani ambaye haguzi nguruwe asikute mafuta kwa sinki mnayoshea pamoja.

Ile ndoo ya mwisho

Mkishamaliza, kuna kitu kimoja kimebaki, na ndicho nilitaka msome mpaka hapa. Vile vipande vibichi mlikata kabla ya kupika, maji ya kuoshea, mifupa yenye bado ina nyama: visiingie kwa ndoo ya makombo ya nguruwe. Vifungwe kwa karatasi vitupwe na taka, ama vizikwe kama mna mahali mbwa hatafukua. Na kama unajua msee wa kulisha nguruwe makombo, mwambie achemshe yote, nusu saa ya kuchemka kabisa, kabla ya kumwaga bandani. Virusi vinakufa kwa digrii 70 zikishikiliwa dakika 30. Ni kuni kidogo tu, lakini zinaweza kuokoa banda zima.

Grupu yetu imekubaliana. Mweka hazina anaenda bucha yeye mwenyewe, na ameapa bila muhuri anarudi na kuku. Yule wa emoji ya moto ametuma soo mbili, mara ya kwanza kwa historia. Mimi nimepewa kazi ya rozimari.

Na nyinyi kwa mbogi yenu, Krisi ni mbuzi ama ni mguu? Na bucha yenu, ukimuuliza muhuri, anaonyesha ama anakuwa mkali?